Kilio cha Sokoni

Mwezi uliopita walivunja soko la zamani la samaki hapa Kashikishi, kando ya ziwa Mweru. Kijana mwenye kofia ya plastiki alisimama mbele yangu akanieleza, kwa sauti ya kumueleza mutoto, kwamba nguzo zimechoka na kwamba soko jipya litakuwa na milango ya chuma na umeme. Nikamuambia, "Vunja, nani amekuzuia? Lakini usinifundishe zile nguzo. Nililia chini yake kabla mama yako hajazaliwa." Akacheka, akafikiri ni maneno ya kikongwe. Nikakaa kwenye kiti changu mbele ya nyumba yangu ya wageni, nyumba niliyoijenga kwa mikono yangu na kwa mafuta ya kukaangia, nikatazama tofali zikianguka, na jioni nikaamua kuandika. Mimi nilisoma darasa mbili tu, na katika ile ya pili nilifagia uwanja wa misheni kuliko nilivyosoma. Kuandika nilijifundisha mwenyewe nikiwa mutu muzima, kwa kunakili maneno ya kwenye magunia ya unga. Kama kuna makosa humu ni yangu, sikuazima ya mutu. Habari za baba na mama yangu sitazigusa, kila mutu ana za kwake. Nitaandika mwaka mumoja tu, mwaka Muzee Imre alipokaa kwangu, maana waliobaki kumukumbuka wote wanatosha kukaa benchi moja na nafasi ikabaki.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini. Ng'ambo ya ziwa, Kongo walikuwa wameanza kuiita Zaire, na sisi watu wa Kilwa, ile ya Kongo, si ile ya pwani, tulikuwa tukivuka na vitenge na sabuni, tukirudi na samaki. Safari moja nilivuka nikakataa kurudi. Nilipanga nyumba ya tofali mbichi karibu na bandari, vyumba viwili na baraza, nikaanza kuwapikia bukari, ugali wa kwetu, watu wa mitumbwi. Wabemba wa hapa waliongea nami Kiswahili cha biashara, halafu wakigeuka wananisengenya kwa Kibemba wakifikiri sisikii. Waliniita Mama Kilwa ingawa sikuwa na mutoto hata mumoja. Padri wa misheni ndiye aliyeniletea Muzee Imre. Alishuka kwenye gari akiwa murefu, amepinda kidogo kama mwiko uliokoroga sufuria nyingi, ana sanduku moja na bomba la bati lenye karatasi za plan, michoro ya nyumba, ndani. Padri akasema, "Mama, huyu ni arshitekti. Anatoka nchi ya Hungaria. Atatujengea soko la samaki. Hapendi kulala misheni, anasema kengele zetu zinamuamsha." Mimi nikauliza, "Arshitekti njo nini? Fundi?" Muzee mwenyewe akanijibu, kwa Kiswahili cha Lubumbashi kilichonyooka kuliko cha padri: "Fundi anajenga nyumba, mama. Arshitekti anagombana na fundi." Nikacheka, nikampa chumba cha nyuma.

Chumba kile kilikuwa kama tumbo la ng'ombe. Hakikuwa na dirisha, kilikuwa na tundu la kutolea moshi, na kuta zilinuka chisense, wale samaki wadogo niliokuwa nikiwaweka humo kwenye magunia. Wiki ya kwanza hakulalamika. Wiki ya pili akaniomba ruhusa ya kutoboa ukuta. Nikafikiri atatoboa juu, kama watu. Akatoboa chini, karibu na kitanda, dirisha pana na fupi, na jirani zangu wakaja kucheka. "Mama Kilwa, muzungu wako amejenga mulango wa mbuzi!" Muzee akaniita ndani, akaniambia nilale kwenye kitanda chake. Nikamtazama vibaya. Akatoka nje akasimama barazani, akasema kwa sauti, "Alor, lala sasa, mi niko uku." Nikalala. Nikaona ziwa lote, toka kwenye mitumbwi ya bandari mpaka kwenye ule mustari mwembamba ambako kwetu Kongo kunaanza. Hata kichwa sikukiinua. "Mutu anajenga nyumba akiwa amesimama," alisema kutoka nje, "lakini anaikaa akiwa amelala na amekaa chini. Mafundi wote banasahau." Nyumba zote nilizojenga baadaye, na ni nyingi kuliko za wanaume walionicheka, nimezijenga hivyo: kwanza ninalala chini kwenye muchanga, halafu ndipo ninaweka dirisha. Watu wanasema ni uchawi. Waache waseme.

Tulikula pamoja barazani, yeye kwenye kiti, mimi kwenye kigoda, baada ya watu wa mitumbwi kumaliza. Bukari alikula kwa mukono bila kufundishwa. Siku moja akanunua samaki mwenyewe, makobo wawili wanene, akaingia jikoni kwangu. Nikamuambia, "Muzee, kwetu mwanaume akiingia jikoni anatafuta kufukuzwa." Akasema, "Bon, ukinifukuza, nitaenda na supu." Akakata vitunguu vingi mpaka nikalia mimi niliyekaa mbali, akatwanga pilipili nyekundu kavu, akaweka samaki na maji, na akanikataza kukoroga. Supu ya kwao haikorogwi. Unashika masikio ya sufuria unaitikisa, ili samaki asivunjike. Ilikuwa nyekundu kama udongo wa barabara na kali kuliko matusi, na alipoionja akakaa chini na kijiko mukononi. Kisha akaanza kunieleza muji wake, na toka siku ile supu na maneno yalikwenda pamoja. Akipika supu, najua ataongea.

Hivyo ndivyo nilivyojua maisha yake, kipande kwa kipande, kama mutu anayeokota tofali. Muji wake ulikuwa kando ya muto mukubwa wenye matope, na watu wake nao walikuwa wavuvi na wauza samaki. Alisomea kazi yake kwenye muji mukuu, halafu akaenda Ujerumani kwa walimu waliofundisha kwamba nyumba isivae mapambo kama bibi harusi. Akarudi kwao kijana, kiburi kimejaa, akajenga nyumba ya daktari yenye paa bapa, nyeupe kama yai, na watu wa muji wakamuuliza upepo umepeleka wapi kofia ya nyumba. Akajenga bwawa la kuogelea. Halafu wakampa kazi aliyoipenda kuliko zote, soko la samaki kando ya muto, la nguzo nyembamba na vioo. "Bamama ba kule," aliniambia, "balikuwa na midomo sawa ya hapa. Siku ya kwanza banaingia banagombana, kila mumoja anataka meza ya karibu na mulango. Mi nilisimama mu kona, nasikia bale bamama banatukanana. Mama, hakuna muziki mungine nilipenda vile." Alikuwa ameoa mwaka ule. Muke wake aliitwa Ilona. Halafu ikaja vita, na soko likapigwa bomu, na bwawa, na nyumba ya daktari ikachukuliwa na askari. Kuhusu Ilona alisema tu kwamba alikuwa wa watu ambao serikali iliwachukia, kwamba aliambiwa amuache na yeye akakataa, na akakosa kazi kwa hilo. Hapo alifika, akaamka kuosha bakuli lake. Sikumuuliza. Mutu akisimama mahali katika habari yake, humusukumi.

Baada ya vita alikwenda Ubelgiji, na kutoka huko Kongo, Lubumbashi, wakati ule ingali Elisabethville. Alijenga nyumba za ghorofa, sinema, shule. Yalipokuja mapigano ya Katanga, sinema ikatobolewa na risasi, naye akavuka mpaka bila karatasi za maana, akaishia Copperbelt, kwenye migodi ya upande huu, katika ofisi moja, miaka mingi anachora nyumba za wachimba shaba zilizofanana zote. "Nyumba zangu," alisema, "zingine zimekufa, zingine ziko nyuma ya mupaka. Hakuna hata moja ninaweza kwenda kusimama ndani yake." Ndiyo maana padri alipomuambia soko la samaki, muzee yule, mwenye kifua kilicholia kama filimbi, hakuuliza mara mbili. Alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa, na alinieleza wazi, bila haya: kusimama tena kwenye kona ya soko alilolijenga, wanawake wakiwa ndani wanagombana. Mutu muzima, msomi, amezunguka dunia, na hamu yake yote ilikuwa hiyo. Wakati ule nilimuona kama ana wazimu kidogo. Sasa nina umri wake, na sioni wazimu wowote.

Mahali alipachagua mwenyewe. Bandari ya Kashikishi wakati ule ilikuwa imejaa mpaka mutu anagombania kivuli cha mutumbwi, vichanja vya kukaushia samaki vimebanana, baisikeli za kupeleka samaki bara zimelala juu ya nyingine. Lakini kati ya vichanja na barabara kulikuwa na kilima kidogo cha muchanga, kizuri, kinapata upepo wa ziwa, na hakikuwa na kitu. Muzee alipokiona alishika kichwa kwa furaha. Hakuuliza kwa nini kiko kitupu. Akawaita wazee wa bandari na kapita wa kazi, msimamizi wa vibarua, Musonda, mwanaume mufupi mwenye heshima nyingi, na mbele yangu akawauliza vizuri, kwa adabu, kofia mukononi: "Wazee wangu, mi naomba kujenga hapa. Ni sawa?" Wakatazama chini. Wakapiga yale makofi ya heshima, taratibu, mikono imekunjwa. Musonda akasema, "Eee, mukwai." Ndiyo, bwana. Wazee nao, mumoja mumoja, "Eee, mukwai," na kimya katikati. Muzee akawashika wote mikono, akarudi nyumbani akapika supu.

Mimi nilikuwa mugeni, na sisi watu wa Kilwa tukikataa tunakataa mpaka ng'ambo wanasikia. Sikujua kwamba hapa mzee hakataliwi usoni, tena mzee aliyekuja kuomba na kofia mukononi. Unamuitikia, lakini unaitikia taratibu, na huinui macho, na kazi ya kuelewa unamuachia yeye. Mutu wa hapa angeondoka akatafute kiwanja kingine na wote wangemushukuru. Muzee Imre alitoka nchi ambayo ndiyo ni ndiyo. Akaweka vigingi siku iliyofuata.

Kazi ilianza baada ya mvua. Kila asubuhi Musonda alikuja kabla ya wengine, akanyunyiza unga wa muhogo kando ya vigingi. Muzee akaona ile mistari myeupe, akafurahi. "Angalia, mama! Huyu kapita anapima na unga, hana chokaa, lakini mustari wake umenyooka!" Akamusifu mbele ya vibarua, na Musonda akatazama miguu yake. Kwenye kona moja Musonda alisogeza kigingi, muzee akakirudisha. Akakisogeza tena. Muzee akamufokea kwa Kifaransa, akakirudisha tena, na siku ile vibarua wawili hawakurudi kazini baada ya kula. Niliona hayo yote nikipeleka chakula, nikafikiri ni uvivu. Na nguzo zikapanda. Lilikuwa soko zuri, sijali kijana wa kofia ya plastiki anasema nini. Refu, wazi pande zote mbili, paa la mabati limekatwa sehemu mbili, moja juu ya nyingine, na katikati pengo refu ambapo harufu na joto vinatokea na mwanga unaingia bila jua. Sakafu iliinama kidogo kwenda ziwani, ukimwaga maji yanakwenda yenyewe. Meza za simenti alizipima kwa kunikalisha mimi kwenye kigoda na kuniambia nijifanye nauza. "Samaki! Samaki!" nikapiga kelele, na vibarua wakacheka, lakini wakicheka walisimama nje ya nguzo.

Siku ya kufungua, padri alibariki, mukubwa wa wilaya akasema maneno, na wanawake wakapiga vigelegele wakiwa nje. Halafu wakubwa wakaondoka. Muzee akaingia kwenye kona yake, amevaa shati jeupe nililompigia pasi, akasimama. Wanawake wakachukua vikapu vyao, wakaja mpaka kwenye nguzo, wakakaa chini. Nje. Kivuli cha paa kilipokuwa upande wa barabara, walikaa upande wa barabara. Jua lilipogeuka, wakainua vikapu, wakazunguka wote pamoja, wakakaa upande wa ziwa. Hakuna muguu uliovuka. Ndani kulikuwa na muzee mumoja na meza za simenti. Kesho yake hivyohivyo, na kesho kutwa, na wiki nzima. Aliporudi jioni alisema, "Banakamata kivuli, banaacha nyumba. Ni juu ya nini? Nimekosa wapi? Meza ni juu sana?" Akaanza kupima tena, peke yake, akatafuta kosa kwenye simenti.

Nilikwenda kwa Bana Mwape, yaani Mama Mwape kwa Kibemba. Huyu ndiye aliyekuwa kichwa cha wauza samaki wote, mwanamke mupana, mudomo wake unaweza kufungua mutumbwi uliofungwa. Nilimukuta anapasua samaki. Nikamuambia, "Bana Mwape, munamuua muzee wa watu. Kama ni wivu kwamba anakaa kwangu, semeni."

"Wivu wa nini, ule mufupa?" akasema, na wenzake wakacheka. Halafu akaweka kisu chini, na kicheko kikaisha. "Mama Kilwa, we ni mugeni. Pale njo tunazikaka bale ba maji."

"Ba maji gani?"

"Bale ziwa linarudisha. Mutu akikufa mu maji, hatumupeleke mu kijiji, tunamuzika pale pale pa muchanga. Wengine tunabajua. Wengine banatoka kwenu Kilwa, wengine Puta, uso umekwisha kuliwa na samaki, hakuna anayebajua. Tunabafunika tu. Habana kilio. Niweke samaki wangu juu ya mutu asiyekuwa na kilio? Atanifuata mpaka kwa watoto."

"Na mulinyamaza? Kiangazi kizima anajenga!"

"Hatukunyamaza," akasema Bana Mwape, na alikasirika kweli. "Tulimujibu taratibu. Asikie namna gani tena?"

Nilirudi nyumbani nikamuambia. Wengine walisema baadaye kwamba nilifanya vibaya, kwamba ningemuacha mutu mugonjwa aendelee kupima meza zake. Sikubali. Mutu anayetafuta kosa lake mahali ambapo halipo, unamuacha? Nilipika mimi siku ile, supu yake, nikaitikisa bila kukoroga, nikamuambia yote: kilima, watu wa maji, unga wa Musonda uliokuwa wa kuwaomba radhi wafu, kigingi alichosogeza akikwepa kaburi. Alisikiliza bila kugusa kijiko. Nilifikiri atakasirika. Akauliza tu, "Wako wengi?"

"Hawajui. Ni wa miaka mingi."

"Na hakuna mutu aliyebalilia."

"Hakuna, muzee. Hapa kilio hakianzi chenyewe. Lazima atoke mutu mumoja aseme, huyu ni wangu. Akisema hivyo, wote wanakuja, hata adui, wanakaa chini naye. Asiposema mutu, hakuna kilio. Na hawa wenyewe hawajulikani."

Akatazama ziwa. Watu wa mitumbwi walikuwa wakikunja nyavu, na harufu ya samaki wa kukaangwa ilitoka kwa jirani. Ndipo akamaliza ile habari aliyoisimamisha. Yeye walikuwa wamemupeleka mbali kufanya kazi ya kuchimba mitaro ya askari. Aliporudi, nyumba ilikuwa wazi na kitanda kimetandikwa. Serikali ile ilikuwa imemupakia Ilona mu treni, na mama yake, na dada zake, na watoto wa dada zake, na hakuna aliyerudi. "Bon," alisema. "Hakuna kaburi. Hakuna siku. Mi sikulia, mama, sababu ningelia kuanzia wapi? Nilitafuta kazi." Akasukuma bakuli. "Nimejenga juu ya batu kama bangu, na sikuuliza. Mi, niliyepaswa kuuliza kuliko batu bote."

Kesho yake alivaa lile shati jeupe akaenda kwa Musonda na wale wazee, kilimani kando ya soko. Mimi nilimufuata nyuma maana hakuweza kupanda kilima bila kusimama. Akawaambia, "Wazee wangu, nimesikia habari ya bale ba maji. Hamukosei. Mi njo nimekosa. Munasema kilio kinatafuta mutu wa kusema ni bangu. Basi, ni bangu. Bote. Mi nasema."

Wakamtazama. Sikuona dharau kwenye macho yao, niliona huruma, na huruma ni mbaya zaidi. Muzungu atakuwaje ndugu wa watu wa Mweru? Ukoo gani? Mama gani? Wakapiga makofi ya heshima, mikono imekunjwa. "Eee, mukwai," akasema Musonda, macho chini. Tulishuka kilima. Katikati ya njia muzee alisimama kupumua, akanishika bega. "Mama," akasema, "leo nimesikia."

Baada ya hapo hakwenda sokoni tena. Mvua zilikuwa zinakaribia, kifua kikamushika, na padri alimuletea dawa ambazo hazikufanya kitu. Alilala kwenye kitanda chake akitazama mitumbwi. Supu nilipika, alikunywa kijiko kimoja kwa ajili yangu. Siku za mwisho aliongea lugha ya kwao, na mimi nikamujibu kwa Kibemba, kwa Kiswahili, kwa chochote, maana mutu asiongee peke yake. Alikufa asubuhi, wavuvi wakiwa wanarudi. Nilimufunga taya kwa kitambaa changu cha kichwa.

Padri alisema atamuzika misheni, kesho, kimyakimya, kwa kuwa hana mutu. Hapo ndipo nilipochukia. Nilitoka nje na nywele zangu wazi, nikasimama barabarani mbele ya bandari nzima nikapiga kelele: "Huyu ni wangu! Mumesikia? Muzee Imre ni wangu!"

Musonda akaja mbio. "Mama Kilwa, wako kwa upande gani? Wa baba ao wa mama?"

"Kwa upande wa sufuria! Alikula kwangu mwaka muzima. Wewe uliyekula na baba yako mwaka muzima bila kugombana, sema!" Nikawageukia wote. "Nimesema ni wangu, na kilio kitakuwa mu nyumba yake."

"Nyumba yake ni chumba chako cha nyuma."

"Hapana. Ile alijenga," nikasema, na nikaonyesha kilima.

Vijana wanne wa Kilwa, watu wa mitumbwi waliokuwa wakila kwangu, ndio waliokubali kubeba. Tulimulaza kwenye meza ya simenti, nikakaa chini sakafuni peke yangu nikaanza kulia. Watu walikuja, ndiyo, nilikuwa nimesema maneno, na kukataa kilio kilichotangazwa ni kujiita muchawi. Lakini walikaa nje ya nguzo, kama siku ya kufungua, wanaume upande huu, wanawake upande ule, wanaitikia kwa mbali. Nililia mpaka sauti ikakwama. Sikuwalaumu. Niliwatukana tu kidogo moyoni.

Alasiri mvua ikaja kutoka Kongo. Tuliiona ikitembea juu ya ziwa, nyeusi. Ile ya kwanza ya mwaka haina adabu. Ikapiga mabati, ikawapiga wanawake mugongoni, na wakabaki hapo wakilowa, hawawezi kuondoka kwenye kilio, hawawezi kuingia. Watoto wachanga wakaanza kulia. Nikainua kichwa nikamuona Bana Mwape, maji yanamutiririka usoni, ananitazama. Nilikuwa sina sauti. Nikapiga sakafu kwa kiganja, kando yangu, mara moja.

Akavua viatu. Akaingia. Alitembea kama mutu anayetembea juu ya watu waliolala, akafika, akaanguka karibu na meza, akaanza kumulilia muzee kwa Kibemba, kwamba ametujengea nyumba na sisi tukamuacha humo peke yake. Wengine wakaingia nyuma yake. Na halafu, katikati ya kilio, sauti ya Bana Mwape ikabadilika. "Chanda!" aliita. "Mayo! Mama wee! Chanda wangu!" Chanda alikuwa mudogo wake, mutumbwi wake ulirudi mutupu kabla Bana Mwape hajaolewa, wala hawakumuona tena. Hakuwahi kumulilia. Mwanamke mungine akaita jina la mume wake. Mungine baba. Kijana wa Kilwa aliyebeba maiti akaita majina mawili, akajifunika uso. Majina yakatoka pande zote, mvua inapiga juu, na hapakuwa tena na mutu aliyejua nani analia kwa ajili ya nani. Musonda, yule mutu wa heshima, alikaa sakafuni na miguu imenyooshwa kama mutoto, akiwalilia wale wasiokuwa na jina. Mimi nilimulilia Ilona. Sikumujua, lakini hakukuwa na mungine wa kufanya hivyo.

Kulipokucha tulimupeleka misheni, tukamufunika. Njia nzima ya kurudi ilikuwa matope. Mimi nilipitia sokoni kuchukua mikeka yangu niliyomulazia muzee. Mitumbwi ilikuwa imekwisha kufika, samaki hawajui habari za kilio, na vichanja vyote vilikuwa vimelowa. Wanawake walikuwa ndani. Bana Mwape alikuwa amemwaga chisense yake kwenye meza ya kwanza, karibu na barabara, pale pa kuingilia, na mwanamke wa Kabuta alikuwa amesimama mbele yake na kikapu kichwani.

"Hapa ni pangu," alisema wa Kabuta. "Nililia hapa."

"Ulilia pale, karibu na nguzo, nilikuona! Na machozi yenyewe yalikuwa machache!"

"Bana Mwape, ondoa huo uchafu wako!"

"Uchafu ni meno yako!"

Wengine wakaingilia, kila mumoja na kikapu chake, kila mumoja anataka meza ya karibu na mulango, na kelele ikapanda mpaka kwenye mabati. Sikuchukua mikeka. Nilikwenda kwenye kona ya nyuma, ile ya Muzee Imre, nikasimama hapo peke yangu, nikawasikiliza mpaka samaki wote walipokwisha.